Mambo Yasiyo ya Lazima: Historia ya Uhuru, Uvumilivu na Ungamo

Kanisa linapoadhimisha miaka mia moja, desturi ni kuhesabu. Huhesabiwa waliobatizwa na waliopata kipaimara, wachungaji na wainjilisti waliotumika, majengo yaliyosimamishwa na mitaa iliyokua ikawa sharika. Iko hesabu moja isiyoandikwa katika daftari lolote, nayo ni hesabu ya mabishano ambayo hayakulivunja Kanisa. Hakuna usharika uliofikia umri huo bila watu wake kutofautiana juu ya ngoma na kinanda, juu ya kupiga makofi na kukaa kimya, juu ya kikombe kimoja na vikombe vidogo, juu ya mavazi ya mchungaji na mavazi ya waimbaji. Wahenga walisema vikombe vikikaa pamoja havikosi kugongana. Jambo la kushangaza, na la kumshukuru Mungu, ni kwamba vingi viligongana visivunjike.

Kanisa la Kilutheri lina mafundisho yake juu ya mambo ya namna hii, nayo yalipatikana kwa gharama kubwa. Wanatheolojia wa karne ya 16 waliyaita kwa neno la Kiyunani adiafora, yaani mambo ambayo Neno la Mungu halikuyaamuru wala halikuyakataza. Historia ya neno hilo, kutoka Wittenberg hadi Dar es Salaam, inafundisha kwamba kulitaja jambo kuwa si la lazima ni mwanzo tu wa kazi. Jambo lililo huru laweza kugeuka mzigo likilazimishwa, na laweza kugeuka maficho ya dhambi likitumiwa vibaya. Kwa hiyo kila kizazi cha Wakristo kimelazimika kuuliza upya: ni nani anayelidai jambo hili, na ni nani anayeumizwa nalo?

Timotheo na Tito

Kanisa la kwanza lilikutana na suala hili mapema. Katika sura ya 14 ya Waraka kwa Warumi, Mtume Paulo anawataja Wakristo waliohitilafiana juu ya chakula na siku. Wengine walikula vyote, wengine walikula mboga tu. Wengine waliiheshimu siku moja kuliko nyingine, wengine waliziona siku zote kuwa sawa. Paulo hakuficha upande wake, kwa maana alisema waziwazi kwamba hakuna kitu kilicho najisi kwa asili yake. Hata hivyo hakuutumia ukweli huo kama fimbo. Alimkataza anayekula asimdharau asiyekula, na asiyekula asimhukumu anayekula. Makosa hayo mawili hayafanani. Mwenye nguvu hujaribiwa kudharau, na aliye dhaifu hujaribiwa kuhukumu. Mtume alimpa kila mmoja onyo linalohusu ugonjwa wake mwenyewe.

Fundisho hilo linaonekana wazi zaidi katika habari za vijana wawili waliosafiri na Paulo. Kitabu cha Matendo ya Mitume, sura ya 16, kinaeleza kwamba Paulo alimtahiri Timotheo, ambaye mama yake alikuwa Myahudi, kwa ajili ya Wayahudi waliokuwa mahali pale. Lakini katika Waraka kwa Wagalatia, sura ya 2, Paulo anaeleza kwamba Tito, Myunani, hakulazimishwa kutahiriwa, na kwamba wale waliotaka jambo hilo hawakukubaliwa hata kwa saa moja. Tohara ilikuwa ileile na mtume alikuwa yuleyule. Kwa Timotheo tohara ilifungua mlango wa kuhubiri, tena hakuna aliyeidai kuwa sharti la wokovu. Kwa Tito ilidaiwa kana kwamba Kristo peke yake hatoshi. Tangu wakati huo Kanisa lilijua kwamba tendo moja laweza kuwa upendo siku moja na usaliti siku nyingine, kutegemea madai yanayoambatana nalo.

Wittenberg, mwaka 1522

Mwezi Mei 1521, baada ya Bunge la Worms, Martin Luther alifichwa katika ngome ya Wartburg. Nyuma yake matengenezo yaliendelea katika mji wa Wittenberg, na aliyekuwa mstari wa mbele ni mwenzake wa Chuo Kikuu, Andreas Karlstadt. Siku ya Krismasi ya mwaka huo Karlstadt aliongoza Chakula cha Bwana bila mavazi ya kikuhani. Alitamka maneno ya kuwekwa kwa Sakramenti kwa Kijerumani, na washiriki wakapokea mkate na divai kwa mikono yao wenyewe. Mwezi Januari 1522 baraza la mji likaagiza sanamu ziondolewe makanisani. Watu waliofundishwa tangu utoto kwamba mlei haruhusiwi kukigusa kikombe, sasa walisukumwa kukigusa kwa siku moja. Baadhi walifurahi, wengi walifadhaika.

Luther alirudi tarehe 6 Machi 1522. Kuanzia tarehe 9, Jumapili ya kwanza ya Kwaresima, alihubiri siku nane mfululizo. Waliotazamia awapongeze wanamatengenezo walistaajabu, na waliotazamia ayafute mabadiliko yote walistaajabu pia. Juu ya mafundisho, Luther hakurudi nyuma. Alishikilia kwamba misa kama sadaka haina budi kukoma, na kwamba kikombe ni cha Wakristo wote. Alichokemea ni namna mambo yalivyofanywa. Alisema imani walikuwa nayo, lakini upendo ulikosekana. Alitenganisha yale ambayo Mungu ameyaamuru na yale aliyoyaacha huru, kama kufunga, kuoa au kutooa, na kuwa na picha. Katika yale yaliyo huru, alisema, mtu asiburutwe, kwa maana moyo hauendeshwi kwa amri ya baraza la mji. Alitoa mfano wa mama anayemlea mtoto: humpa kwanza maziwa, kisha uji, na chakula kigumu baadaye.

Yeye mwenyewe aliishi alivyohubiri. Ingawa alikuwa ameandika kwamba nadhiri za utawa haziifungi dhamiri, aliendelea kuvaa joho la mtawa hadi mwaka 1524. Lakini subira yake haikuwa uzembe. Alitayarisha utaratibu mpya wa ibada mwaka 1523, na mwaka 1526 akatoa Misa ya Kijerumani, huku akionya kwamba utaratibu huo usigeuzwe kuwa sheria ya kuzifunga dhamiri za watu. Mabadiliko mengi aliyoyazuia mwezi Machi 1522 yalifanyika miaka michache baadaye, safari hii yakitanguliwa na mafundisho. Ungamo la Augsburg, lililosomwa mbele ya Kaizari Karl wa Tano tarehe 25 Juni 1530, liliuweka msimamo huo katika ibara ya saba. Kwa umoja wa kweli wa Kanisa yatosha kukubaliana katika mafundisho ya Injili na utoaji wa Sakramenti. Si lazima mapokeo na taratibu zilizowekwa na wanadamu zifanane kila mahali.

Mwaka 1548 na siku ya kujaribiwa

Luther alifariki tarehe 18 Februari 1546. Mwaka uliofuata, tarehe 24 Aprili 1547, majeshi ya Kaizari yaliwashinda watawala wa Kiinjili katika vita vya Mühlberg. Mwaka 1548 Kaizari alitangaza huko Augsburg mpango wa muda uliojulikana kama Interim. Uliwaruhusu Wainjili mambo mawili tu ya maana, ndoa ya wachungaji na kikombe kwa washiriki wote, tena hadi mtaguso mkuu utakapoamua. Katika mengine mengi uliwarudisha kwenye mafundisho na desturi za Roma. Kusini mwa Ujerumani mamia ya wachungaji waliokataa walifukuzwa. Johannes Brenz alikimbia mji wa Schwäbisch Hall, naye Martin Bucer akaondoka Strasbourg akaenda Uingereza.

Katika Saksonia, mtawala Moritz aliwaomba wanatheolojia wa Wittenberg watafute njia ya kati. Aliyebeba mzigo huo ni Philipp Melanchthon, mwandishi wa Ungamo la Augsburg na rafiki mkubwa wa Luther. Mapatano yaliyotolewa Leipzig mwezi Desemba 1548 yalijaribu kuyalinda mafundisho ya kuhesabiwa haki kwa imani, lakini yalikubali kurudishwa kwa mavazi ya ibada, sikukuu, siku za kufunga na taratibu nyingine nyingi. Hoja ya Melanchthon ilieleweka. Haya ni adiafora, na kwa ajili yake haifai makanisa yafungwe na kondoo waachwe bila wachungaji. Hakuwa akitafuta cheo. Alikuwa akiwahurumia watu waliokuwa na majeshi milangoni mwao.

Aliyempinga kwa nguvu alikuwa mwanafunzi wake wa zamani, Matthias Flacius, mzaliwa wa Istria aliyekuwa akifundisha Kiebrania palepale Wittenberg. Mwaka 1549 aliacha kazi yake akahamia Magdeburg, mji uliokataa kutii, na ambao baadaye ulizingirwa na majeshi kwa zaidi ya mwaka mmoja. Flacius hakudai kwamba kanzu nyeupe ni dhambi. Alidai kwamba kanzu ileile, ikirudishwa kwa amri ya mshindi ili watu waone kwamba Injili imeshindwa, haiwi tena jambo huru. Mkulima asiyesoma vitabu vya theolojia husoma yale anayoyaona madhabahuni. Kwa mtu wa namna hiyo, kurudi kwa desturi zilizoondolewa kulikuwa na maana moja tu, kwamba yale waliyofundishwa yalikuwa uongo.

Ugomvi huo uliwagawa wanafunzi wa Luther kwa miaka karibu thelathini. Hata baada ya amani ya Augsburg ya mwaka 1555 kuondoa tishio lenyewe, maneno makali yaliendelea. Mwaka 1556 Melanchthon alimwandikia Flacius akikubali kwamba katika jambo lile alikosea. Alifariki mwaka 1560, akiwa amechoshwa na ukali wa wanatheolojia. Flacius naye hakubaki salama. Katika kubishana juu ya dhambi ya asili alifika mahali pa kusema kwamba dhambi imekuwa ndio asili yenyewe ya mwanadamu, na Kanisa likayakataa mafundisho hayo.

Kanuni ya Makubaliano

Kazi ya kuponya jeraha ilifanywa na watu wa kizazi kilichofuata, hasa Jakob Andreae na Martin Chemnitz. Mwaka 1577 walikamilisha Kanuni ya Makubaliano, ambayo iliingizwa katika Kitabu cha Makubaliano cha mwaka 1580. Ibara yake ya 10 inahusu adiafora, na mambo yake makuu yanaweza kuelezwa hivi.

Kwanza, Kanisa la kila mahali na kila wakati lina mamlaka ya kubadili taratibu zisizoamriwa na Mungu, mradi lifanye hivyo kwa utaratibu, bila upuuzi na bila kuwakwaza walio dhaifu. Pili, wakati wa mateso, adui wa Injili anapodai jambo huru ili kuikandamiza kweli, Kanisa lisimpe nafasi, maana wakati huo jambo lenyewe limekuwa ungamo. Tatu, kanisa moja lisilihukumu jingine kwa sababu lina taratibu nyingi au chache kuliko lenyewe, iwapo yanakubaliana katika mafundisho na katika matumizi ya Sakramenti.

Hekima ya waandishi hao inaonekana pia katika haki waliyowatendea watu. Katika ibara ya 10 walikubali hoja ambayo Flacius aliipigania, na katika ibara ya kwanza walikataa fundisho lake juu ya dhambi ya asili. Hawakumkubali katika yote kwa sababu alikuwa shujaa wa Magdeburg, wala hawakumkataa katika yote kwa sababu alikosea kwingine. Kanisa lililogawanyika kwa makundi ya watu halikuweza kupona mpaka hoja zilipotenganishwa na majina ya wenye hoja.

Makanisa saba, Kanisa moja

Mafundisho hayo yalivuka bahari pamoja na wamisionari. Katika nchi ambayo leo ni Tanzania, Injili kwa mapokeo ya Kilutheri ililetwa na mikono mingi. Wamisionari kutoka Berlin walianza kazi Dar es Salaam mwaka 1887, na wenzao walifika Usambara na Kusini mwaka 1891. Watu wa Leipzig walipokea kazi ya Kilimanjaro mwaka 1893. Baadaye walifika Wamarekani wa Sinodi ya Augustana na wamisionari kutoka nchi za Skandinavia na Ufini. Kila shirika lilikuja na liturgia yake, mavazi yake, nyimbo zake na muundo wake wa uongozi. Vita viwili vya dunia viliwaondoa Wajerumani, na sharika zilizolelewa kwa desturi moja zikajikuta zikihudumiwa na watu wa desturi nyingine.

Tarehe 19 Juni 1963 makanisa saba yaliungana kuwa Kanisa moja, ambalo leo ni Kanisa la Kiinjili la Kilutheri Tanzania. Kama umoja ungedai taratibu zifanane kwanza, huenda ungengoja muda mrefu sana. Wazee wale walitenda sawasawa na ibara ya saba ya Ungamo la Augsburg. Kwa miaka mingi maeneo mengine yaliongozwa na maaskofu na mengine na marais wa sinodi, katika Kanisa lilelile. Mkristo aliyehama kutoka eneo moja hadi jingine aliweza kukuta mavazi tofauti madhabahuni na utaratibu tofauti wa ibada, asikute Injili nyingine.

Hii haina maana kwamba hapakuwa na maumivu. Suala la ngoma ni mfano mzuri. Wamisionari wengi wa mwanzo, na Wakristo wengi wa kwanza pamoja nao, hawakutaka ngoma ibadani. Vizazi vya sasa huona hapo dharau ya wageni tu, na kwa sehemu ni kweli. Lakini mzee aliyetoka katika matambiko hakuisikia ngoma kama mti na ngozi. Alisikia mambo aliyoyaacha alipobatizwa. Hali yake ilifanana na ya Wakorintho ambao, kama Paulo alivyoandika katika sura ya 8 ya waraka wake wa kwanza, hawakuweza kula nyama ya sokoni bila kuikumbuka sanamu. Watoto waliobatizwa wakiwa wachanga hawakuwa na kumbukumbu hizo. Kwao ngoma ilikuwa furaha ya nyumbani, na kuikosa kanisani kulikuwa kama kumwabudu Mungu kwa sauti ya kuazima.

Katika Chuo cha Theolojia cha Makumira, mmisionari na mwalimu Howard Olson aliwahimiza wanafunzi kutunga nyimbo za Kikristo kwa sauti za makabila yao. Miongoni mwa matunda ya kipindi hicho ni wimbo wa Pasaka wa Mchungaji Bernard Kyamanywa, Mfurahini Haleluya, ambao leo umo katika vitabu vya nyimbo vya makanisa mengi duniani. Jambo ambalo kizazi kimoja kililiogopa, kizazi kingine kililitoa kama sadaka, nayo ikapokelewa hata ng'ambo. Waliongoja na waliothubutu walihitajiana. Bila wa kwanza, wanyonge wangekwazwa. Bila wa pili, Kanisa lingebaki na sauti ya kuazima.

Vivyo hivyo Uamsho ulioanzia Gahini nchini Rwanda katika miaka ya 1930 ulifika Bukoba na sehemu nyingine ukiwa na moto wa toba na ushuhuda wa hadharani. Ulileta uzima, ukaleta na hukumu. Wako waliowahesabu wenzao kuwa hawajaokoka kwa sababu hawakushuhudia kwa maneno yaleyale. Wako pia waliowaona wanauamsho kuwa watu wa fujo tu. Hata hivyo wengi wa wanauamsho walibaki ndani ya makanisa yao, na kutoka miongoni mwao walitoka viongozi kama Askofu Josiah Kibira. Namna ya kushuhudia ilikuwa jambo huru. Toba haikuwa jambo huru. Palipotambuliwa tofauti hiyo, pande zote mbili zilifaidika.

Udhaifu uliogeuka sheria

Historia ina upande wa pili, nao haufai kusahauliwa siku ya sherehe. Mwaka 1857 sinodi ya Kanisa la Kireformati la Kiholanzi katika Rasi ya Tumaini Jema ilijadili kama Wakristo weusi na weupe washiriki ibada pamoja. Sinodi ilikiri kwamba kushiriki pamoja ndiko kunakotakiwa, tena kunapatana na Maandiko. Kisha ikaruhusu ibada za kutengana kwa sababu ya udhaifu wa baadhi ya watu. Maneno yalichukuliwa kana kwamba yametoka kwa Mtume Paulo. Lakini waliohurumiwa kama wadhaifu walikuwa wenye mashamba na mamlaka, na walioambiwa wasubiri nje walikuwa watumishi wao. Mwaka 1881 likaundwa kanisa la pekee kwa ajili ya Wakristo wasio Wazungu. Ruhusa ikawa desturi, desturi ikawa mafundisho, na karne moja baadaye ubaguzi wa rangi ulikuwa sheria ya nchi nzima, ukitetewa hata mimbarani. Makanisa ya Kilutheri ya kusini mwa Afrika nayo yaliishi yakiwa yametengana kwa rangi.

Mwezi Juni 1977 Mkutano Mkuu wa Fungamano la Makanisa ya Kilutheri Duniani ulifanyika Dar es Salaam, nao ukamchagua Askofu Kibira kuwa Rais wa Fungamano, Mwafrika wa kwanza katika nafasi hiyo. Wajumbe walikumbushwa kwamba kwa kawaida Wakristo waweza kutofautiana katika mambo ya siasa na kubaki wamoja. Lakini mkutano ulitamka kwamba hali ya kusini mwa Afrika imefika mahali pa ungamo la imani, na kwamba makanisa hayana budi kuukataa mfumo wa ubaguzi hadharani. Msingi wa tamko hilo ulikuwa hoja ileile ya mwaka 1548. Mahali pa kukaa ibadani ni jambo huru, lakini mtu anapozuiwa kufika kwenye Meza ya Bwana kwa sababu ya ngozi yake, linaloshambuliwa ni Ubatizo wake na msalaba wa Kristo. Mwaka 1984, huko Budapest, Fungamano lilisimamisha uanachama wa makanisa mawili ya Wazungu ya kusini mwa Afrika yaliyokuwa hayajaukataa utengano huo. Nalo lile kanisa la mwaka 1881 lilitoa Ungamo la Belhar, lililoandikwa mwaka 1982 na kupokelewa rasmi mwaka 1986.

Somo hapa ni zito. Ukali wa Karlstadt ulikosea kwa kulifanya jambo huru kuwa sheria. Sinodi ya mwaka 1857 ilikosea kinyume chake, kwa kulitendea jambo la Injili kana kwamba ni la hiari. Makosa yote mawili yalivaa vazi la uchaji.

Mwongozo kwa sharika

Kutokana na historia hii Baraza la Wazee lolote linaweza kujifunza namna ya kuamua. Swali la kwanza ni kama Neno la Mungu limeamuru au limekataza. Ubatizo unatoa mfano rahisi. Kiasi cha maji, kama ni ya kumwagwa au ya kuzamishwa, ni jambo huru, na Wakristo wasihukumiane kwalo. Kumbatiza tena aliyekwisha kubatizwa kwa Jina la Baba na la Mwana na la Roho Mtakatifu si jambo huru, kwa sababu ni kusema kwamba ahadi ya Mungu ya kwanza haikutosha. Anayelaumu kiasi cha maji amekuza dogo, na anayenyamazia ubatizo wa pili amedogosha kubwa.

Swali la pili ni nani anayelidai jambo hilo na kwa maneno gani. Kijana anayeomba gitaa litumike katika ibada apewe nafasi ya kusikilizwa. Kijana huyohuyo akisema kwamba ibada isiyo na gitaa haina Roho Mtakatifu, amebadilisha ombi lake kuwa sheria, na hapo akataliwe kwa upole. Vilevile mzee anayeomba liturgia isiachwe aheshimiwe. Akisema kwamba wanaoinua mikono wakiomba si Walutheri, naye aonywe.

Swali la tatu ni nani atakayelipa gharama. Katika Maandiko gharama ya uvumilivu hulipwa na mwenye nguvu, naye Paulo alikuwa tayari kuacha nyama maisha yake yote ili asimkwaze ndugu. Popote ambapo wenye fedha, wenye vyeo au walio wengi wanajiita wadhaifu ili wengine wazidi kungoja, mwaka 1857 unarudi kwa jina jingine. Wajane, vijana, wageni waliohamia na wale wasiojua kusema vizuri mkutanoni waulizwe kwanza.

Na swali la nne ni kama Meza ya Bwana imebaki moja. Washarika wanaweza kuwa na kwaya tatu na saa mbili za ibada. Wanaweza kutumia kikombe kimoja au vikombe vidogo kwa ajili ya afya. Lakini tofauti inapowafanya waogope kupokea pamoja mwili na damu ya Bwana, hapo ufa umefika kwenye msingi, wala kuupaka chokaa hakutoshi.

Miaka mia iliyopita ilibebwa na watu ambao wengi wao majina yao hayamo katika kitabu hiki. Wengine walipenda ngoma wakanyamaza kwa ajili ya wazazi wao. Wengine hawakuipenda wakaivumilia kwa ajili ya watoto wao. Hakuna mnara uliojengwa kwa ajili ya kunyamaza huko, lakini kuta za Kanisa zimesimama juu yake. Miaka mia ijayo italeta mabishano ambayo hakuna aliye hai awezaye kuyataja leo. Wale watakaoyakuta wapewe neema ya kuachilia yaliyo huru, kuyashika yasiyoachika, na kuyatambua haya na yale kabla ndugu hajaumizwa. Kwa Mungu, aliyelilinda Kanisa lake mpaka hapa, uwe utukufu wote katika Kristo Yesu. Amina.